Vitunguu Vilivyong'aa

Juzi binti yangu alinivuta mkono hadi kwenye vitunguu vyetu. "Mama, ona vile vinang'aa!" Mara moja nikasikia harufu ya pilipili iliyochacha, ingawa hapakuwa na pilipili yoyote pale.

Nilikuwa mdogo kama yeye, nyumbani kwetu Busibwabo. Mama alikuwa hospitalini Busia akimuuguza mdogo wangu. Aliniachia shamba la vitunguu na jerikani ya maji ya pilipili, kitunguu saumu na sabuni, kwa sababu dawa ya duka hakuitaka karibu na chakula chetu. "Ukiona majani yanaharibika, nyunyizia hii jioni."

Nilingoja majani yaoze, au yatobolewe na viwavi. Badala yake yakaanza kumetameta, mistari ya rangi ya fedha ikipanda hadi nchani. Kila Mama aliponiuliza kwa simu ya jirani, nilimjibu, "Vinang'aa, Mama." Nilimsikia akimshukuru Mungu.

Alasiri aliyorudi, alipitia shambani kwanza, mtoto mgongoni. Alikung'uta jani moja juu ya kiganja, na vijidudu vyembamba kama uzi vikatawanyika. Sasa najua kwamba ile fedha ilikuwa makovu, mahali vilipofyonza jani likabaki kavu. Akainua jerikani.

"Mbona bado imejaa?"

"Inanuka, Mama. Sikutaka kuviharibu."

Hakunichapa. Aliketi chini, katikati ya vitunguu.

"Kule hospitali," akasema, "yale maneno yako kwenye simu ndiyo yalikuwa yananipa usingizi."