Mshipi Ambao Taufiki Hakuukabidhi

Jumatano, tarehe 15 Oktoba 2025. Mawingu mepesi, matlai inavuma polepole, maji mafu. Nje ya kisiwa cha Shungimbili bahari ilitulia hata chubwi, ile risasi ya kuzamisha mshipi, ikigusa mwamba, kidole kinapata habari.

Taufiki wa Baleni alikaa omo, mbele ya chombo, mahali pake kwa mwaka wa saba sasa. Baba yake alikuwa mtu wa minazi na mihogo, naye ndiye wa kwanza kwao kula kwa mshipi. Ana miaka arobaini na sita, si msemaji. Kila mara kabla ya kushusha ndoana huupitisha mshipi kati ya kucha mbili, pima moja kutoka mwisho, na akikuta mkwaruzo hata mdogo hukata na kufunga upya. Wenzake humwita fundi cherehani.

Chombo ni cha nahodha Ukasha, mtu mzima wa Kilwa anayepiga dago, kambi ya wavuvi, Shungimbili kila msimu. Na chombo hicho kina desturi: samaki akiwa mkubwa wa kumwinua mtu kitini, mshipi hupelekwa tezi, nyuma kwa nahodha, ukipita mkono kwa mkono, ili yeye ndiye ammalize. Ni heshima. Mabaharia wote wameikuta hivyo.

Taufiki aliitii miaka sita. Msimu huu samaki wakubwa watatu walipotea, na wote walipotea pale pale, mshipi ukiwa kati ya mkono na mkono. Unalegea kidogo tu, samaki anatikisa kichwa, ndoana inachomoka. Alimweleza nahodha kwa adabu, wakiwa wawili. Nahodha akajibu kuwa samaki asiye riziki yako hata umfunge kamba ataondoka. Wenzake waliposikia wakacheka, wakasema fundi sasa anataka kumpima nahodha nguo.

Saa nne hivi mshipi wa Taufiki ulikwenda kwa kishindo. Akainuka. Hakuukaza kwa pupa. Aliuacha uende ukiunguza vidole, kisha akaanza kurudisha, pima kwa pima, bila kuupa nafasi ya kulegea.

"Lete," alisema Ukasha kutoka tezi.

Iddi, aliyekaa katikati, alinyoosha mikono kupokea. Taufiki hakugeuka.

"Kaka Taufiki, huyo samaki umemwoa?" Iddi akauliza.

"Nimemwoa. Na mume mwenza sitaki."

Chombo kizima kilicheka, isipokuwa tezi. Ukasha alisema tena, taratibu, kila neno peke yake: "Mshipi hupewa nahodha. Ndivyo tulivyokuta."

"Tumekuta hivyo, nahodha, na tumepoteza watatu. Huyu simtoi mkononi mwangu. Ukitaka kunishusha, nishushe nikishampakia."

Samaki alizama mara mbili, na mara mbili Taufiki alimfuata kwa mikono, akimpa anapovuta na kumnyang'anya anapopumzika. Alipoonekana ubavu, kolekole mpana kama sinia, Iddi alirukia mshipi ili amwinue.

"Usiuguse, mdogo wangu. Chukua kulabu. Mwache ageuke kwanza, kisha mpige karibu na kichwa."

Iddi alitazama tezi, akatazama maji, akachukua kulabu. Kolekole akaingia.

Walifika mchangani. Hapo, mbele ya watu wa dago, Ukasha alimwambia Taufiki asikanyage tena chombo chake. Msimu ulibaki na miezi, na vyombo vingine vyote vilikuwa vimeshajaza watu wao. Taufiki alijua hilo, na kila mtu alijua kuwa anajua.

Kabla ya magharibi Iddi alikuja na ujumbe. Nahodha yuko tayari kumrudisha, ila aende aseme mbele za watu kwamba amekosa. Basi, yaishe. Iddi mwenyewe alimsihi aseme tu, maneno hayaumi.

Taufiki alikuwa akila kichwa cha kolekole pamoja na Ally, mpishi wa dago. Alitoa mwiba mdomoni kwanza.

"Mwambie nahodha namheshimu. Akiniita nimpakulie chakula, nitampakulia. Lakini kosa sijalifanya, na sitaliazima."

Iddi aliondoka akitikisa kichwa. Ndipo Ally akasema ana kimtumbwi chake nyuma ya jiko, ila kinavuja.

"Kopo unalo?" akauliza Taufiki.

Alhamisi, baada ya sala ya alfajiri, Taufiki alikisukuma kile kimtumbwi majini. Alikipitisha karibu na chombo cha Ukasha, akaacha kupiga kafi, akasema shikamoo nahodha kwa sauti ya kusikika. Ukasha akaitikia marahaba. Taufiki akaendelea mpaka kwenye mwamba ule ule, mbele ya macho yao, akatupa nanga, akachota maji yaliyoingia, akaupitisha mshipi kati ya kucha mbili na kuushusha.