Shukrani za Chai

Alishukuriwa kwa chai. Miaka ishirini na miwili ya kuandika, na shukrani yenyewe ikawa ya chai! Ilichapwa pale mwanzoni mwa kitabu, kwa herufi za mlalo: "Namshukuru dada yangu mpenzi kwa chai yake na uvumilivu wake." Jina kwenye jalada lilikuwa la mdogo wake, ofisa elimu, na chini yake picha yake akiwa amevaa tai, kidole shavuni, kama mtu anayefikiri.

Mama Taipu, kama walimu walivyozoea kumwita, aliusoma mstari huo akiwa amesimama jikoni. Akaurudia. Kisha akakibamiza kitabu mezani hadi kifuniko cha birika kikaruka.

Alikuwa karani wa shule. Aliacha masomo kidato cha pili, baba yao alipoamua kwamba kati ya watoto wake wawili atakayeendelea ni wa kiume, na tangu siku hiyo hakuna aliyemwuliza anajua nini. Kazi yake ilikuwa kupiga taipu mitihani, na walimu, pamoja na shahada zao ukutani, waliyachanganya maneno ya Kiingereza kama mtu anayevaa viatu gizani. "Quiet" inawekwa mahali pa "quite". "Lose" inaongezwa herufi moja, na kupoteza kunageuka kulegea. Mama Taipu alisahihisha kimyakimya, maana karani hamsahihishi mwalimu. Jioni akifika nyumbani aliyaandika daftarini, maneno yanayofanana sura, kila moja na maana zake. "Bear" peke yake ilimlia kurasa tatu: dubu, kubeba, kuvumilia, kuzaa. "Hawa wenye Kiingereza chao," alikuwa akinung'unika, "hawakuwa na maneno mengine?"

Kila maana aliitungia sentensi. Watu wa kuandika habari zao hakuwa nao, basi akaandika za nyumbani kwake: ugonjwa wa mama, ukali wa baba, mume aliyeondoka na sanduku bila kuaga. Madaftari yalifika sita, na mtu akiyasoma mfululizo angeyajua maisha yake yote.

Mdogo wake aliyaomba mwaka uliopita. "Dada, hivi vitu vinaozea kabatini bure," alisema. "Nipe nivipange, tutoe kitabu." Alisema tutoe. Mama Taipu aliishi na neno hilo mwaka mzima, akiulizwa na jirani anasema, "Tunatoa kitabu, mimi na mdogo wangu."

Sasa alikifungua tena. Kila sentensi ilikuwa yake. Hata nukta haikuhamishwa. Alipofika ukurasa wa arobaini na moja alivuta kiti akaketi, akausoma polepole, kisha akacheka kicheko kibaya kisichokuwa na furaha ndani yake.

Siku ya uzinduzi wa kitabu, siku tisa baadaye, alivaa kwa hasira, vifungo vya blauzi vikapishana, ikabidi avifungue aanze upya. Ukumbi wa shule ulijaa walimu. Mdogo wake alisimama mbele akazungumzia jasho lake, utafiti wake, jinsi alivyojinyima. Mama Taipu alikuwa amekaa safu ya nyuma, meno yameumana. Mwongo mkubwa! Jasho gani? Mtu aliyekuwa akitandikiwa hata kitanda, na kunong'onezwa na dada yake maana ya kila neno gumu, hadi alipooa!

Ulipofika wakati wa maswali alinyoosha mkono kabla ya wengine.

"Nina ombi dogo," alisema. "Mwandishi atusomee ukurasa wa arobaini na moja. Kwa sauti."

"Dada yangu huyo!" Ofisa alitabasamu hadi masikioni. "Ndiye mpishi wa chai yetu." Watu wakacheka. Akavaa miwani, akakohoa, akaanza kwa kile Kiingereza chake cha wageni, cha kubana pua: "My husband deserted me on a Tuesday."

Wala hakusita. Aliendelea kuteremka na sentensi ya pili na ya tatu, mpaka ukumbi uliponyamaza kwa namna isiyo ya kawaida na mwalimu wa hesabu akainuka.

"Samahani, mheshimiwa. Nimesikia vibaya, au umesema mumeo alikutelekeza siku ya Jumanne?"

Ukumbi ulilipuka. Watu walipiga meza, mmoja akafuta machozi kwa tai. Mama Taipu alikuwa ameisubiri dakika hiyo kwa siku tisa, na ilipofika haikuwa tamu hata kidogo, kwa sababu walichokuwa wakikicheka ni siku yake ile, na lile sanduku, na mlango ulioachwa wazi. Hasira ilimpanda upya, safari hii kwa wote. Akasimama.

"Mume alikuwa wangu," alisema. "Jumanne ni yangu. Na kitabu ni changu."

Kicheko kilikatika.

Mdogo wake alimvuta hadi chumba cha nyuma kulikorundikwa viti vibovu, akafunga mlango.

"Dada, umenivua nguo mbele za watu! Si ungeniambia mapema kwamba kitabuni mna maneno kama hayo?"

"Nikuambie? Umekaa nacho mwaka mzima."

"Nilikuwa na kazi. Nilimpa kijana wa ofisini akachape."

"Hukukisoma?"

"Nilipitiapitia."

"Ukurasa hata mmoja?"

Alitazama viatu vyake. Siku zote zile alizomlaani, Mama Taipu ndani kabisa alijifariji kwamba mwizi huiba kitu alichokiona kizuri. Kumbe hakukitazama hata. Alikibeba tu, kama mtu anavyobeba mwavuli wa mwenzake mlangoni.

"Jina litabadilishwa," Ofisa alisema haraka. "Toleo lijalo, jina lako peke yako. Naapa, dada."

"Litabadilishwa, tena kesho asubuhi, na mimi nikiwepo." Alichomoa kiti chenye miguu minne, akakiweka mbele yake. "Sasa kaa. Soma. Ukurasa wa kwanza."

"Watu wananingoja nje."

"Soma!"

Alikaa. Alisoma kwa sauti ya chini, bila kubana pua tena, mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wa nne ulimshinda. Alirudi nyuma, akajaribu, akainua macho kwa dada yake.

"Hili neno hapa silijui maana yake."

"Najua hulijui," alisema Mama Taipu, na kwa mara ya kwanza maishani mwao hakumwambia.