Hata Kuanguka Hawajui

Kila Jumamosi saa kumi alasiri, mzee mmoja fundi magodoro huketi mbele ya televisheni yake na kuanza kugombana nayo. Huanza kwa kuguna, akaingia kwenye kusonya, na wimbo wa mwisho ukipigwa ameshawamaliza wote: wapiganaji, watangazaji, watu wa taa, na huyo aliyebuni ule moshi wa jukwaani. Majirani wamezoea. Mgeni akiuliza kuna nini nyumba ya pili, hujibiwa, "Refa anaangalia mieleka," na mazungumzo yanaendelea.

Refa ni jina alilopewa na mtaa, wala hakulipata bure. Kwa miaka kumi na tisa alishona magodoro siku tano za wiki, na Jumamosi akavaa shati la mistari na kusimama ulingoni katika ukumbi wa kituo cha televisheni. Enzi hizo picha ilikuwa nyeusi na nyeupe, na watu walijazana sebuleni kwa mwenye televisheni mpaka mwenye nyumba mwenyewe akakosa pa kukaa. Kamera ilikuwa moja tu, na mpiga picha alisimama nayo juu ya meza. Wapiganaji walikuwa watu wa kazi zao: muuza nyama, mchukuzi wa bohari, ndugu wawili waokaji mikate, na mwalimu wa shule ya msingi, mtu mpole asiyeweza hata kumfokea kuku, ambaye ulingoni alificha uso kwa kofia na kuitwa Mvunja Mifupa. Jumatatu asubuhi Mvunja Mifupa alikuwa darasani anafundisha hesabu za kutoa.

Usijaribu kumwambia Refa kwamba mieleka ni uongo. Atakutazama kuanzia unyayo mpaka utosi.

"Nani kakwambia sijui?" atakuuliza. "Mshindi tulikuwa tunampanga wenyewe, nyuma ya pazia, tunakunywa chai. Lakini kuanguka kulikuwa kuanguka. Sakafu haijui kama mmekubaliana!"

Na kuanguka huko kulifundishwa miezi sita kabla mtu hajaruhusiwa kuonekana na kamera. Kidevu kifuani, pumzi nje, mikono itangulie kupiga turubai ndipo mgongo ufuate. Anayebebwa alijua kumsaidia anayembeba, na anayembeba alijua kwamba shingo ya mwenzake ni amana. Mtu akipangwa kuumia goti dakika ya kwanza, alichechemea mpaka mwisho, akachechemea kushuka ngazi, akachechemea mpaka kituo cha basi, kwa sababu watoto walikuwa wanamtazama. Huo ndio uongo aliouheshimu Refa, uongo uliofanyiwa kazi.

Kazi yake yeye watazamaji hawakuijua. Walidhani refa yupo pale kuhesabu na kudanganywa. Kumbe kila mtu alipoanguka vibaya, Refa alipiga magoti kama anayekagua mabega, na kwa siri akaubinya mkono wa aliyelala, mara moja, haraka. Mkono ukimbinya nao, mchezo unaendelea. Usipombinya, mchezo umekwisha, awe amepangwa kushinda nani. Siku moja yule mchukuzi wa bohari alivunjika mtulinga, ule mfupa wa begani, dakika ya pili, matangazo yakiwa moja kwa moja. Refa alipunga mikono, basi. Kituo kilibaki kinaonyesha ulingo mtupu na kupiga santuri kwa dakika kumi na nane, na hakuna aliyeulizwa kwa nini.

Sasa tazama mieleka ya leo. Dakika ishirini za kwanza ni maneno matupu: anakuja mmoja na kipaza sauti, anamtukana mwingine, anakuja wa pili na kipaza sauti chake, anajibu, wa tatu anatokea kwenye moshi, na kumbe naye ana lake la kusema. Ukisema sasa wanashikana, linaingia tangazo la sabuni. Wakishikana kweli, kamera sita zinabadilishana haraka kiasi kwamba hujui mguu ule ni wa nani. Mtu anatupwa kutoka juu ya ngazi, anavunja meza kwa mgongo, na kabla hujavuta pumzi ameinuka anakimbia.

"Huyu si katoka kuvunjwa mgongo sasa hivi?" Refa huiuliza televisheni. "Mgongo umepona na nini, ule moshi?"

Angekuwa ameshaizima zamani. Hakuizima kwa sababu mmoja wa wale wapiganaji alikuwa mpwa wake, mtoto wa dada yake, binti wa miaka ishirini na mitatu ambaye ulingoni wanamwita Radi.

Alikuwa na kipaji, hilo Refa hakulibisha. Alikuwa mwepesi, na alikuwa na uso ambao ukikunjamana kwa maumivu hata wewe unashika kiuno chako. Kilichokosekana ni mafunzo. Siku moja alipopita karakana kumsalimia, Refa alimuuliza kuanguka kafundishwa kwa muda gani.

"Wiki tatu, Mjomba."

"Wiki tatu!" Refa alichomoa sindano ya kushonea godoro akaichomeka pembeni, isije ikamdhuru mtu kwa hasira. "Mimi mwanafunzi wa magodoro simpi hata sindano katika wiki tatu. Njoo hapa jioni, nitakutandikia sponji, nikufundishe."

Binti alicheka, akamshika bega. "Mjomba, mieleka yenu niliiona kwenye kumbukumbu za kituo. Mtu unaweza kwenda kuchota maji, ukarudi ukawakuta wameshikana vilevile. Siku hizi watu wanataka kasi."

Maneno hayo yalimuuma Refa. Yaliyomuuma zaidi yalikuwa ya dada yake, mama wa binti, aliyemwambia jioni hiyohiyo kwenye simu: "Kaka, mimi sina la kusema. Wewe ndiye uliyempakata mbele ya hiyo televisheni tangu hajui kutembea. Akivunjika, nitamleta kwako."

Mwaka huu kituo kiliadhimisha kumbukumbu ya kuanzishwa kwa kipindi hicho cha mieleka, wakatafuta mkongwe wa kumkalisha mstari wa mbele. Walimpata Refa, kwa kuwa wengine ama wametangulia mbele ya haki ama hawawezi ngazi. Alipiga pasi koti lake la harusi, akafika saa nzima kabla ya wakati. Na kama ilivyo kwa mtu aliyeshika sponji maisha yake yote, hakwenda kwenye kiti. Alikwenda ulingoni, akapenyeza mkono chini ya kamba na kuibonyeza sakafu kwa kiganja.

Kiganja kilimwambia kila kitu. Sponji ilikuwa na unene wa vidole viwili tu, nayo ya bei rahisi, ile inayoshuka ukiigusa na hairudi. Chini yake zilikuwa mbao.

Alimtafuta mtayarishaji wa kipindi, mwanamume mwenye vidude masikioni na karatasi mkononi, akamweleza. Enzi zao ilikuwa vidole sita, akasema, na alikuwa anaijaza kwa mkono wake mwenyewe.

"Tunajua, mzee wangu," mtayarishaji alijibu huku anatazama karatasi. "Lakini ikiwa nene, turubai linakunjamana, na maandishi ya mdhamini hayasomeki kwenye kamera. Karibu kiti, soda inakuja."

Refa alitazama. Kweli, katikati ya turubai kulikuwa na picha ya kipande cha sabuni, kikubwa kama mlango, kimenyooka bila hata kunyanzi. Yaani shingo za watoto wa watu zilikuwa zimewekwa juu ya mbao ili sabuni isikunjamane! Alikwenda kiti chake, soda ikaja, hakuigusa.

Pambano la mpwa wake lilikuwa la tatu. Mpinzani alikuwa mwanamke mrefu anayeitwa Chuma. Walianza vizuri, hata Refa alijikuta ameacha kuguna. Kisha Chuma akamnyanyua Radi mpaka begani, akazunguka naye, akateleza kidogo, kidogo sana, na kumwachia. Radi alikwenda chini kidevu kikiwa juu.

Ukumbi ulipiga kelele za raha. Refa hakusikia kelele. Aliuona mkono wa kushoto wa mpwa wake umelala na kiganja kikitazama juu, haupigi turubai, haujikunji, haufanyi lolote. Akamtazama refa mpya, jitu lenye misuli na kidude sikioni. Refa mpya hakupiga magoti. Alikuwa anasikiliza kidude. Alitikisa kichwa, akamwonyesha Chuma kwa kidole: endelea. Naye Chuma, asiyejua kitu, akainama kumshika Radi nywele amwinue, maana ndivyo walivyopanga, amwinue ambwage mara ya pili.

Hakuna anayeweza kusema mzee wa miaka sabini na moja alipitaje kati ya zile kamba. Yeye mwenyewe hajui. Anachokumbuka ni kwamba alikuwa amepiga magoti juu ya ile sabuni, anaubinya mkono wa mpwa wake, na mkono haujibu. Akabinya tena. Kimya.

"Usimguse!" alimpigia kelele Chuma. "Achia nywele! Asimguse mtu! Leteni daktari!"

Ukumbi mzima ulisimama ukashangilia.

Ndiyo, walishangilia. Walidhani ni sehemu ya mchezo. Mzee kapanda ulingoni na koti la harusi, anatetemeka, anatokwa na machozi, nani kaona maigizo matamu kama hayo? "Re-fa! Re-fa!" waliimba, wanapiga miguu sakafuni. Mtangazaji, naye mate yanamtoka kwa furaha, alisema mkongwe amerudi kulipiza kisasi. Refa aliwaomba wanyamaze. Aliwaapia kwamba ni kweli. Kadiri alivyoapa ndivyo walivyozidi kupiga makofi. Mtu wa kamera akasogea, akaisogeza kamera mpaka ikakaribia kugusa pua ya binti, na pale Refa akavua koti akalifunika lile jicho la kamera, akalishikilia kwa mkono mmoja huku mwingine umekizuia kichwa cha mpwa wake kisisogee. Vifijo vilikaribia kung'oa paa.

Aliyemwokoa ni Chuma. Yeye alikuwa karibu, aliuona uso wa mzee, na alijua kwamba hawakupanga hivyo. Aliruka kamba akaenda mwenyewe kumburuta daktari.

Hospitalini walisema ni mishipa ya shingo, uti haukukatika. Vidole vya mkono wa kushoto vilirudi kimoja kimoja, cha mwisho kabla ya alfajiri. Atavaa kola ya shingo wiki nane, kisha mazoezi. Daktari aliongeza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba kama angeinuliwa na kubwagwa tena, wangekuwa wanaongea mengine. Dada yake Refa alisikia hayo akiwa amesimama mlangoni. Hakumlaumu kaka yake. Alikaa tu na kumshika binti yake mguu.

Jumatatu mchana wote watatu walikuwa wodini simu ya Refa ilipoita. Ilikuwa namba ya kituo. Refa aliiweka sauti ya wazi, maana alijua wanapiga kuomba radhi, na radhi ya namna hiyo alitaka dada yake aisikie kwa masikio yake.

"Mzee wetu!" mtayarishaji alisema. "Umetisha! Watazamaji wameongezeka maradufu, kila simu mjini inaonyesha lile koti. Tumekaa kikao asubuhi. Tunataka urudi Jumamosi hii, na kila Jumamosi. Uwe unaingia hivyohivyo, unasimamisha pambano. Na binti akitoka, mwambieni asiivue ile kola. Inakaa vizuri sana kwenye kamera."

Damu ilimpanda Refa mpaka masikioni. Maneno yalimjaa mdomoni yote kwa pamoja, miaka yote ya kugombana na ile televisheni, na kwa mara ya kwanza kulikuwa na mtu upande wa pili wa kusikia. Alivuta pumzi ili aanze na mama yake mtayarishaji.

"Kubali, Mjomba," alisema Radi.

Refa aliifunika simu kwa kiganja. "Nini?"

"Kubali." Binti hakuweza kugeuza kichwa, akawa anaongea na dari. "Juzi nilikuwa nakusikia. Sikuweza kusogea wala kusema, lakini nilikusikia unawaambia wasiniguse. Nilikuwa naomba usiondoke. Chuma yupo kwenye ratiba Jumamosi. Wale pacha wapya nao wapo, wana wiki mbili tu za mafunzo. Sponji ni ileile. Wacha watu wacheke, wacha wapige makofi wanavyotaka. Wewe ukiwa mle ndani, mtu akianguka vibaya, mchezo utasimama."

"Watanifanya kikaragosi."

"Watakufanya."

Refa alimtazama dada yake. Dada alikuwa anafuta macho kwa ncha ya khanga.

"Usiniangalie mimi, kaka," alisema. "Hao nao wana mama zao."

Kutoka chini ya kiganja mtayarishaji alikuwa anaita halo, halo, mzee upo? Refa aliondoa kiganja, akaisogeza simu mdomoni. Yale matusi yote aliyameza, na yalimkwaruza koo.

"Nipo," alisema. "Jumamosi nifike saa ngapi?"