Gavana Aliyekwama kwa Chapati za Mama

Harufu ya chapati kule Crystal, mji wetu mdogo wa Minnesota, ikiingia mwezi wa kumi na moja, haitoki mpaka joto lirudi. Madirisha yanafungwa, basi inakaa kwenye makoti, kwenye soksi, hata kwenye madaftari. Nilikuwa na miaka tisa, na mbwa wa mtaa mzima walinisindikiza mpaka kwenye basi la shule kama mimi ndiye chifu wao. Jumamosi moja theluji ya kwanza ilianguka, baridi mpaka maneno yaliganda mdomoni, unangoja uingie ndani yayeyuke ndiyo usikike. Mlango ukagongwa. Nikamkuta Mama Basi, ndivyo tulivyomwita dereva wa basi letu la shule, mwanamke mrefu, akipiga chafya kwetu, mvua inanyesha Oakdale, miji kadhaa kutoka hapo. Alikuwa anaomba kura za udiwani mlango kwa mlango, na uchaguzi ulikuwa Jumanne.

Huku Marekani mgombea husema yake mlangoni, huacha karatasi, huenda. Lakini Mama yangu ametoka Kisii, na kwake mgeni kusimama mlangoni ni aibu ya ukoo mzima. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Akamvua koti, akamkalisha.

“Nina mtaa mzima wa kumaliza kabla ya giza,” Mama Basi akasema.

“Mtaa hauna miguu, dada. Utaukuta,” Mama akajibu, chai imeshamiminwa.

Akala chapati ya kwanza, ya pili. Ya tatu akapewa kifimbo asukume mwenyewe, ikatoka na umbo la ramani ya Minnesota, na yale maziwa ya maji elfu kumi ya jimbo letu yote yametoboka matundu. Saa mbili zikaisha hivyo. Ndipo akauliza, taratibu, kama Mama atampigia kura.

“Mimi bado si raia,” Mama akasema. “Sina kura.”

Dada yangu Kerubo akaacha kutafuna. Nje giza lilikuwa linakuja, na upande wote wa pili wa barabara haujagongwa. Mama Basi akatazama dirisha, akatazama kikombe. Nikajua sasa anachukua koti.

“Basi niongezee chai,” akasema. “Watoto wako nawabeba kila siku, wewe sijawahi kukuona umekaa.”

Alipomaliza kikombe, Mama akavaa jaketi juu ya leso, akajaza chapati kwenye hotipoti, akatutoa sote nje. Kwenye kila mlango Mama alisema jambo lile lile: huyu anabeba watoto wetu, na hajaacha hata mmoja kwenye theluji. Mzee mmoja ambaye hakuwahi kumfungulia mtu alifungua kabla hatujagonga, pua ikiwa imetangulia. Tulimaliza mtaa. Mama Basi alishinda kwa kura chache sana, na Mama anasema zote zilitoka kwenye ile hotipoti. Mimi sibishi.

Leo yule dereva ni gavana, ofisi yake iko Saint Paul, mji mkuu wa jimbo, chini ya kuba kubwa. Mama sasa ni raia, na siku ya kumpigia kura ya ugavana alivaa kama anayeoza binti. Mimi nakaa Apple Valley, na mlango wangu una kamera. Mtu akigonga tunamtazama kwenye simu, tumenyamaza kama panya, mpaka achoke aende. Juzi alisimama msichana na makaratasi, pua nyekundu kama nyanya. Mwanangu akaninong'oneza, kwa Kiingereza chake, kwamba tusifungue. Nikamwambia ateleke chai. Nilipofungua, sikuuliza hata anamwombea nani kura. Nilimvua koti.