Mraba wa Kumi na Tisa

Kabla ya kuvaa sare ya polisi, Georgette alichekecha unga wa muhogo soko la Kadutu, pamoja na mama yake, kwa miaka kumi na mmoja. Mkono wake ulijifunza huko: tikisa kidogo, tulia, tazama kilichobaki. Polisi nao wakampa kazi ile ile. Bomu likilipuka, majeruhi wakishabebwa, watu wakishasogezwa nyuma ya kamba, wateguaji wakishahakikisha kwamba hakuna la pili, Georgette alipiga magoti na chekeche lake akachuja udongo. Misumari, vipande vya bati, vifungo vya mashati. Alifanya hivyo miaka tisa, na hakuna karatasi ya kesi iliyowahi kubeba jina lake.

Kisha Pascaline akarudi kutoka mafunzoni Kinshasa.

Alikuwa na miaka ishirini na sita, kamera, na sauti ya kusema "kielelezo namba tatu" kama anayesoma somo la misa. Kamanda Ramazani, ambaye kwa Georgette alijua kusema "chekecha pale" tu, huyu alimwita "binti yangu". Kila mara Georgette aliposikia neno hilo, kitu kilimwasha kooni kama vumbi la unga.

Asubuhi moja guruneti lililipuka kwenye soko la makala, mkaa wa kupikia, upande wa Panzi. Wanawake wawili walikufa. Cédric, msukuma mkokoteni, alikamatwa kwa sababu alikuwa katikati ya vibanda na alikimbia. Nje ya kamba watu walipiga kelele wakabidhiwe yeye.

"Kile kishikio cha bati cha guruneti kinaangukaga karibu na pale murushaji alisimama," Ramazani aliwaambia. "Kikiwa mu vibanda, Cédric iko na kesi. Kikiwa ku barabara, ni mutu mwingine."

Pascaline aligawa uwanja kwa nyuzi, akaupa kila mraba namba. Anayeona kitu asikiguse. Amwite Pascaline, naye apige picha, aandike, ndipo kiokotwe.

"Maman Georgette, usikanyage kamba yangu."

"Kamba yako? Weye ndiye uliizala?"

Kwenye mraba wa kumi na tisa, kando ya barabara, Georgette alikiona. Kilikuwa kimelala ndani ya vumbi la makala, kimepinda kama kidole. Mdomo wake ulifunguka kuita, halafu akayaona yatakayofuata: kamera, daftari, "umefanya vizuri, binti yangu". Akakiinua polepole, akakitia mfukoni, akaenda nacho kwa kamanda.

Ramazani alikuwa kando ya gari. Ndani, Cédric ameketi na pingu, mikono myeusi kwa makala, akiwatazama.

"Ulikiokota wapi?"

"Kumi na tisa. Ku barabara."

"Nani aliona kingali pale?"

Georgette alimnyooshea kamanda kishikio tena.

"Mimi ninakuamini, maman. Lakini juji ku mahakama hakujui."

Aligeuka, akamtazama Cédric. Kumjia kamanda mikono mitupu kungekuwa rahisi kuliko kwenda kwa yule msichana. Alikwenda. Alimwambia yote, hata lile la mfukoni.

Pascaline hakumfokea, na hilo lilimuuma zaidi. Aliinama tu kwenye mraba. Mkono uliozoea unga ulikuwa umekiinua kwa wepesi. Alama ya kishikio ilibaki kwenye vumbi, imepinda vile vile. Akaipiga picha. Kisha akaandika: *Kimeonwa na Georgette. Kimeondolewa naye bila ruhusa. Kimerudishwa saa tano kasoro dakika kumi.*

"Weka sahihi, maman."

Ndivyo jina lake lilivyoingia kwenye kesi.

Wiki tatu baadaye hakimu alimsimamisha mbele ya watu.

"Miaka tisa ya kazi, na sheria unaijua. Kwa nini ulikiondoa?"

"Wivu, Mheshimiwa. Nilitaka niitwe mimi ndiye niliyekiona."

Watu walicheka. Cédric hakucheka. Hakimu aliitazama picha ya alama kwa muda mrefu, akamtazama Georgette, akaandika kwamba kishikio kilikuwa barabarani. Saa nane mchana pingu zilifunguliwa, na Cédric akatoka bila kuaga mtu, akikimbia tena.

Georgette alirudi kwenye benchi. Pascaline akasogea kumpa nafasi, bila kumwangalia, kwa upole. Hata kule kusogea kwake, Georgette aliona, kulikuwa kuzuri. Akaketi, koo likimwasha tena.