Uzi Mwekundu Kwenye Khanga ya Bibi

Siku niliyoikata khanga ya Bibi Zuhura bado naiona kama ya juzi, mwanangu, na kila ikinijia mikono yangu inatafuta pa kujificha.

Nakuita mwanangu ingawa nimekuzidi miaka kumi na mitatu tu. Mama yako ni dada yangu, kwa hiyo mimi ni mama yako mdogo, na cheo hicho siwezi kukiachia kwa sababu ya umri. Najua hupendi nasaha. Mimi nilikuwa namsikiliza mzee huku nikitafuta mahali alipokosea, na sijaacha kabisa. Lakini umenitumia insha yako ya chuo, ile inayosema wakazi wa Kariakoo wanaulilia mji wao uliomezwa na maghorofa, ukaniuliza kama ni nzuri. Ni nzuri. Ila nimeisoma mara mbili nikitafuta jina la mkazi hata mmoja uliyemuuliza, sijaliona. Ndiyo maana nakuandikia.

Nilikuwa ndiyo nimemaliza chuo, naishi kwa Bibi, Mtaa wa Sikukuu, kwenye ile nyumba ya chini iliyobanwa na maghorofa mawili. Jua lilikuwa linaingia uani saa sita mchana na kuondoka saa saba, na Bibi alianika nguo kwa kulivizia. Kazi yangu ya kwanza niliipata kwenye kiwanda cha zamani cha nguo, Barabara ya Pugu. Kiwanda chenyewe kilifungwa kabla sijazaliwa. Majengo yake yalikaa miaka mingi yakiwa magodauni, na sasa wamiliki wapya walikuwa wanayageuza maduka ya vioo. Walitaka ukuta mmoja wa mlangoni uonyeshe palikuwa na nini zamani. Mimi nikaajiriwa kukusanya picha na vitu, na kuandika maelezo yake.

Nikwambie ukweli, maelezo niliyaandika kabla ya kukusanya kitu chochote. Nilikuwa na hasira niliyoitoa vitabuni. Niliandika kwamba wafanyakazi wa kiwanda kile waliporwa kila kitu, na kwamba Dar es Salaam ilikuwa jiji la watu wanaotengeneza vitu, ikawa jiji la watu wanaouza vitu vya wengine. Niliipenda sana hiyo sentensi ya pili. Nilitembea nayo wiki nzima.

Bibi mwenyewe alifanya kazi pale, kwenye meza ya ukaguzi. Ilikuwa meza ndefu ya kioo yenye taa chini yake, nguo ikipita juu kabla ya kufungwa. Wakaguzi walikaa wawili wawili, mmoja ukingo wa kushoto na mwenzake wa kulia. Aliyeona kasoro alifunga uzi mwekundu pembeni mwa nguo, usawa wa pale kasoro ilipo. Mwenzake wa miaka yote alikuwa Kanta, mwanamke wa Kihindi wa Mchafukoge, mzaliwa wa hapa hapa.

Kabatini kwa Bibi kulikuwa na doti ya khanga ambayo haikuwahi kukatwa. Vipande viwili vimeungana vile vile kama vilivyotoka kiwandani, rangi ya bluu na nyeupe, na maandishi TULIKUWA PAMOJA. Ilikuwa ya mzigo wa mwisho kabisa. Nikamwomba niipeleke ukutani.

"Chukua picha," akasema. "Khanga iache."

"Kwa nini, Bibi?"

"Kwa sababu nimesema."

Mwanangu, wewe na mimi tumelelewa tofauti, lakini najua jibu hilo linakufanyaje. Kwangu halikuwa jibu. Nilijiambia nguo ya kukaa kabatini miaka yote hiyo haina faida kwa mtu, tena ukutani ingeonekana na maelfu. Alhamisi Bibi alipokwenda kwenye maulidi Ilala, nikaitoa. Fremu niliyopewa ilitosha kipande kimoja tu. Nikaitandika kitandani, nikachukua mkasi. Pale katikati, pembeni mwa mstari wa kukatia, palikuwa na kiuzi chekundu kimechakaa kimefungwa fundo. Nikakiona ni takataka. Nikakichomoa nikakitupa, kisha nikakata.

Bibi alirudi, akaona kabati limefunguliwa. Kipande kimoja kilikuwa kimeshakwenda Barabara ya Pugu. Alichukua kilichobaki, akapitisha vidole ukingoni taratibu, kama mtu anayetafuta swichi gizani.

"Uzi uko wapi?"

"Uzi gani, Bibi?"

"Mwekundu."

"Nimeutupa. Ulikuwa mchafu."

Nilitegemea ukali, nikawa nimeshaandaa hoja zangu. Hakufoka. Alikaa kitandani, khanga mapajani.

"Rehema, kukatwa ingekatwa tu," akasema. "Lakini hii ilikuwa ya watu wawili, na wewe umeikata peke yako."

Ndipo akanieleza. Siku ya mwisho ya kazi, yeye na Kanta walipewa doti ile wagawane. Walikubaliana waikate pamoja, mmoja ashike huku na mwingine kule, kama walivyofanya kazi. Lakini siku ile ile walipishana maneno, na hawakukaa tena pamoja. Walisalimiana wakikutana sokoni, basi. Kutoka Mtaa wa Sikukuu hadi Mchafukoge ni mwendo wa mtu kumaliza kula muhogo mmoja, na kwa miaka yote hiyo hakuna aliyekwenda kwa mwenzake. Khanga isiyokatwa ndiyo iliyokuwa sababu iliyobaki ya kukutana. Siku moja, Bibi aliamini, Kanta angekuja kudai nusu yake.

"Sasa aje kufuata nini?" akaniuliza. "Nenda kamwambie ulichofanya. Usimpambie."

Kesho yake asubuhi nikapanda ngazi hadi ghorofa ya tatu Mchafukoge. Mama Kanta, maana sikuthubutu kumwita kwa jina tupu, alifungua mlango mwenyewe, mfupi, miwani imening'inia kifuani kwa mnyororo.

"Shikamoo."

"Marahaba. Zungumza huku, upande wa kulia. Sikio la kushoto nililiacha kiwandani."

Nikamweleza yote, nikamtolea kipande nilichokwenda nacho. Alivaa miwani akakikagua ukingo.

"Wewe ndiye yule msomi?"

"Ndiyo, mama."

"Chuo hawafundishi kukata? Angalia, mkasi umetembea kama mlevi." Akacheka, kisha kidole chake kikasimama pale pale ulipokuwa uzi. "Huu uzi niliufunga mimi. Kuna doa hapa. Bibi yako alisema hakuna, nguo ipite. Nikamwambia Zuhura, machozi yamekujaa, utaona wapi doa?"

"Mligombana kwa ajili ya doa?"

"Doa la nini! Yeye alikuwa analia kiwanda kinafungwa, mimi nikasema afadhali. Neno moja tu, afadhali. Kifua changu kilikuwa kimejaa vumbi la pamba, usiku nakohoa mpaka watoto wanaamka. Yeye akasikia nafurahi yeye kukosa kazi."

"Kwa nini hukumweleza?"

"Nilikuwa namsubiri aniite tukate khanga."

"Na yeye alikuwa anakusubiri wewe uje kuidai."

"Basi tulikuwa wajinga wawili. Kaliandike hilo ukutani kwako." Akaniangalia juu ya miwani. "Ukutani umeandika nini?"

Nikamsomea. Nilipofika kwenye kuporwa kila kitu akanikatiza.

"Nani kanipora mimi?" akauliza. "Nilifungua duka la nyuzi na vifungo, nikasomesha watoto watatu. Bibi yako ndiye aliyeumia. Au labda hata yeye umemwandikia tu. Umemuuliza?"

Nilikuwa nakula, nalala na kupigiwa pasi nguo kwa mtu aliyefanya kazi pale, na sikuwa nimemuuliza. Nimejifunza mambo mengi tangu siku hiyo, lakini hakuna lililoniumiza kwa haki namna ile.

Nikarudi nyumbani nikamuuliza Bibi. Kisha nikafuta maelezo yangu yote, pamoja na ile sentensi niliyoipenda. Chini ya fremu nikaweka mistari miwili tu. Zuhura wa ukaguzi: "Wakikifungua kesho, saa moja nitakuwa getini." Kanta wa ukaguzi: "Hata nikibebwa sirudi." Msimamizi wangu aliguna kwamba ni maneno machache mno kwa ukuta mkubwa, lakini akayaacha.

Wiki ya kufungua maduka nikawaomba wote wawili waje. Sikumwambia yeyote kama mwenzake atakuwepo. Najua, ni ujanja. Bibi alifika na kipande chake kwenye mkoba. Mama Kanta akafika na mkwe wake, akatuona, akasimama.

"Zuhura, umenenepa."

"Na wewe umefupika," Bibi akajibu, na nikaona mabega yake yakishuka.

Nikafungua fremu nikatoa kipande cha pili. Karibu yetu palikuwa na duka la simu, kaunta yake ndefu ya kioo imewashwa taa kwa ndani. Hakuna aliyewaambia kitu. Bibi akaenda kushoto, Mama Kanta kulia, wakatandaza vile vipande juu ya kioo, ncha kwa ncha, wakainama.

"Mama zangu, mnatafuta simu gani?" muuzaji akauliza.

"Doa," akasema Mama Kanta.

"Simu zetu hazina doa, mama."

"Nyamaza kidogo, baba, tuko kazini," Bibi akamwambia.

Wakavuta nguo polepole, macho kwenye mwanga. Bibi ndiye aliyesimamisha mkono. Karibu na pindo, pale nilipokata, palikuwa na tone la bluu dogo kuliko punje ya mchele. Alilitazama muda mrefu.

"Lipo," akasema. "Ulisema kweli, Kanta."

Mama Kanta akatoa kwenye pochi yake uzi mwekundu, mpya, akaufunga ukingoni kwa fundo moja la haraka. Kisha akakunja kipande chenye doa akakiweka kwapani. "Hiki changu. Doa nililiona mimi."

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo insha yako inaponipa wasiwasi. Baada ya hapo walitembea ndani. Bibi, aliyesema angerudi kesho, alikaa kwenye kiti chenye hewa baridi akavisifia vyoo. Enzi zao kiwandani walikuwa na kimoja tu, na ufunguo alikaa nao msimamizi. Mama Kanta, ambaye asingerudi hata akibebwa, alikwenda peke yake hadi mwisho wa ukumbi, zilipokuwa mashine zamani. Nilipomfuata alisema, "Kimya sana," akaniomba nimwache kidogo. Nilishika kalamu na sikujua niandike nini, kwa sababu kila mmoja alikuwa ameshayavuka maneno yake ya ukutani.

Na nyumba ya Mtaa wa Sikukuu unajua iliishia wapi. Leo ni ghorofa, na chini pana maduka ya vitenge wanaponunua Wakongo na Wazambia. Aliyesema ivunjwe ni Bibi. Aliyelia ilipovunjwa ni Bibi vile vile, akiwa amekaa kwa Kanta, Mchafukoge, wakinywa chai ya tangawizi.

Basi hii ndiyo nasaha yangu, na uihoji upendavyo. Usiulilie mji kwa niaba ya watu wanaoishi ndani yake, wala usiushangilie kwa niaba yao. Waulize. Ukishajibiwa, waulize tena baada ya mwezi, na usishangae jibu likibadilika. Usiwadai wachague moja. Ukiona uzi mchafu kwenye kitu cha mtu, usiuchomoe kabla hujajua nani aliufunga. Na ukishakosea, panda ngazi ukaseme bila kupamba.

Bibi hayupo tena, na mimi sina mvi za kumwekea mtu mkono kichwani. Lakini khanga yake ninayo, na kwa hiyo nakuombea kama yeye angekuombea. Mungu akupe macho ya kuona doa, na moyo wa kutoitupa nguo kwa ajili yake. Na popote utakapokaa kufanya kazi, mwanangu, upande wa pili wa meza asikose mtu wa kukushikia ncha ya pili.