Basi la Saa Nne

Nimeendesha mabasi kati ya mtaa wa Satellite na katikati ya jiji tangu hawa vijana wanaonipangia mambo leo hawajaota meno. Shule niliiacha mapema na sijaijutia. Basi la kwanza nililinunua likiwa mkweche, nikalifufua kwa mikono hii. Kwa hivyo nilipoenda kufanya upya leseni nikaambiwa biashara yangu haijulikani ni ya aina gani, nilicheka.

Kijana wa pale, mwenye tai, alikuwa na orodha kwenye kompyuta. Kila biashara, alisema, ina fungu lake. Langu huenda likawa usafiri wa abiria mjini, yaani mabasi na tramu. Nikamuuliza tramu ni mnyama gani. Akaeleza ni gari la reli linalopita barabarani katikati ya watu. Nikamwambia nimezeekea Nairobi na sijaliona hata moja. Akakubali kwamba hakuna, ila fungu lake lipo. Yaani tramu isiyokuwepo imetengewa mahali, na basi langu, lililoegeshwa chini ya dirisha lake, linatafutiwa.

Shida ilikuwa saa.

"Basi lako huondoka saa ngapi, mzee wangu?"

"Likijaa."

"Na lisipojaa?"

"Linangoja."

Akatikisa kichwa. Gari lisilo na ratiba huwekwa fungu la magari ya kukodi, pamoja na ya harusi na ya watalii, na gari la kukodi haliruhusiwi kupakia kwenye steji ya mabasi jijini. Hapo kicheko kilinikauka. Bila steji ile sina kazi, na dereva wangu na kondakta hawana kazi. Nikamwambia basi huondoka kila saa, saa kamili. Niliitunga papo hapo, naye akaipokea kwa heshima ambayo ukweli wangu haukuipata. Akasema Jumatatu saa nne asubuhi atakuja mwenyewe kuhakikisha.

Saa nne, Satellite hata mbwa hawana safari. Waendao kazini wameshaenda. Na basi langu halijawahi kutoka steji likiwa tupu, wenye mabasi wenzangu wangenicheka.

Kwetu kuna watu wa kujaza. Hawa huketi ndani ili gari lionekane limekaribia kuondoka. Abiria wa kweli wakiingia, wao hushuka kimya, mmoja mmoja. Nikawakusanya: wazee wanaoshinda kibandani kwa chai, wamama wa kanisa letu, na mke wangu aliyekuja na ndara miguuni. Niliwaahidi chai na mandazi. Mpango ulikuwa waende hadi kona ya Kabiria, washuke, warudi kwa miguu.

Saa nne kamili basi likaondoka, limejaa pomoni, nami ndani. Kijana akatazama saa yake, akatabasamu. Halafu, badala ya kubaki chini, akaruka ndani akaketi kiti cha mbele.

Kona ya Kabiria ikapita. Hakuna aliyethubutu kushuka. Kawangware ikapita. Mke wangu akaniinamia, lakini kunong'ona hajui.

"Mzee, githeri yangu iko motoni. Nashukia wapi?"

"Tauni, huko jijini, kama wengine."

"Na ndara hizi?"

Kijana akageuka. Nikajua imeisha. Akamuuliza kwa adabu, "Mama, unaenda tauni kufanya nini?"

"Kurudi," akasema mke wangu, bila hata kupepesa jicho.

Wazee wa nyuma walikohoa kwa pamoja. Kijana akafikiri kidogo, akaandika. Tulipofika jijini akashuka, akanipa mkono, akasema ratiba imezingatiwa na abiria wanatosha. Leseni ikatoka wiki hiyo hiyo, fungu la mabasi na tramu.

Kwa hivyo siku ile moja ambayo basi langu lilibeba watu wasioenda popote, ndiyo siku liliyotambuliwa rasmi kuwa basi. Miaka yote niliyobeba wafanyakazi na wagonjwa ilikuwa, nadhani, harusi.

Githeri iliungua hadi sufuria ikatoboka. Mke wangu aliitundika ukutani jikoni, na mgeni akiuliza, humwambia hiyo ndiyo ratiba yangu. Mimi niko steji, na basi linangoja watu wawili wa mwisho.